Pemba kwa baskeli: njia za bondeni, mpunga, na boma la Mkama Ndume

Msomaji wetu wa Unguja mjini ameuliza:

"Shikamoo maalim. Mimi ni mama wa watoto wawili. Likizo ya skuli tunataka kuja Pemba na baskeli zetu. Nimeona picha za Ulaya, watu wanaendesha bondeni kwenye njia za baskeli tupu, gari haziruhusiwi, na kila baada ya mwendo kidogo pana ukumbusho wa vita. Mwanangu mkubwa ana miaka 15, na habari za vita ndizo zinazomkesha usiku. Mdogo ana miaka 11, yeye namuogopea malori. Jee, kwetu ipo njia kama hiyo? Na Pemba pana vita gani vya kumuonyesha?"

Marahaba dada, na karibuni sana.

Njia iliyojengwa kwa ajili ya baskeli peke yake, yenye vibao na alama, kwetu hakuna. Nalisema mwanzo usije ukapoteza siku kuitafuta. Njia zisizopita gari lakini zimejaa kisiwa kizima, kwa sababu ya umbo la Pemba lenyewe. Nchi yetu ni kilima na bonde, kilima na bonde, khasa upande wa magharibi na katikati. Lami imeshika njia kubwa chache. Chini yake, mabondeni, mna mtandao wa njia za watu: wanaokwenda kwenye mpunga, wanaotoka kutafuta kuni, watoto wa skuli, wachungaji na ng'ombe wao. Gari haipiti humo kwa kuwa haina pa kupita. Mimi nimefundisha historia hapa mjini Chake Chake kwa miaka mingi na mara nyingi nimewatoa wanafunzi darasani nikawapitisha njia hizi kwa baskeli, kwa hiyo nitakujibu kama ninavyomjibu mzazi anayeniuliza mlangoni.

Hizo njia za Ulaya ulizoziona, nyingi zake zina asili ambayo sisi tumeipoteza. Ufaransa, kwa mfano, reli zilipoachwa waliondoa vyuma wakaacha tuta lake kwa wenye baskeli na waendao kwa miguu. Pengine walitumia njia za kando ya mto zilizokuwa za farasi waliovuta mashua. Bonde la mto Vire, huko Normandy, lina njia ya namna hiyo, na mji wa Saint-Lô ulioko kwenye mto huo uliangushwa karibu wote kwa mabomu mwaka 1944. Ndiyo maana unaendesha kidogo unakuta ukumbusho. Na sisi tulikuwa na reli, tena ya kutoka mjini kwako mpaka Bububu, maili 7, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani mwaka 1905 na ikaachwa mwishoni mwa miaka ya 1920. Lau tuta lake lingehifadhiwa, leo watoto wako wangekuwa na njia yao ya kutoka Forodhani wakipita pembezoni mwa bahari. Lakini upande huo sasa ni barabara, na ni miongoni mwa barabara zenye gari nyingi kabisa Unguja. Usiwapeleke huko na baskeli. Umefanya vyema kuielekea Pemba.

Sasa swali lako la pili, ambalo kwangu ndilo kubwa: vita gani.

Ukija Pemba kutafuta uwanja wenye makaburi yaliyopangwa safu na mizinga iliyopakwa rangi, utarudi mikono mitupu. Mimi nawaambia wanafunzi wangu watazame mpunga. Karibu kila vita vilivyoigusa Pemba kwa miaka 400 vilikuwa na swali moja ndani yake: nani atakula chakula cha mabonde haya? Mwanao akilishika hilo kabla hajapanda baskeli, kila bonde atakalopita litamsemesha.

Tazama mambo yalivyokwenda. Wareno walipojijenga Mombasa, na Ngome ya Yesu ikaanzwa mwaka 1593, askari wao walihitaji kula, na chakula kilitoka Pemba: mchele, ng'ombe, mbuzi. Mwarabu alikuwa na jina lake kwa kisiwa hiki, Al-Jazira Al-Khadhra, yaani Kisiwa cha Kijani, na rangi hiyo kwa mwenye jeshi la kulisha ilikuwa na maana ya ghala. Waomani waliizingira ngome ile tangu 1696, wakaichukua mwishoni mwa 1698, na baada yao Mazrui waliotawala Mombasa nao wakaishikilia Pemba kwa sababu ile ile. Mwanzoni mwa miaka ya 1820 Seyyid Said, sultani wa Oman, akawanyang'anya. Aliyekaa Mombasa akawa kama mtu aliyeondolewa sahani mbele yake. Mwaka 1824 Mazrui walimkubalia nahodha Owen, Muingereza, atweke bendera yake Mombasa, na mojawapo ya matumaini yao ilikuwa kurudishiwa Pemba. Hawakurudishiwa. Ulinzi ule wa Muingereza ulivunjika mwaka 1826, na Mombasa yenyewe ikaangukia kwa Seyyid Said mwaka 1837.

Kijana wa miaka 15 akiambiwa haya mezani atasahau. Mwambie mkiwa mmesimama juu ya bonde, mpunga uko chini.

Basi njia ninayokupa ni ya kutoka Chake mpaka Pujini, kwenye magofu ya boma la Mkama Ndume. Ni kilomita 10 hivi kwenda, na mnarudi siku hiyo hiyo. Kwa mtoto wa miaka 11 inatosha, mkianza mapema.

Anzieni kwenye ngome kongwe ya Chake, ambayo sasa ndiyo makumbusho. Mji huu umekaa juu ya kilima, kwenye kichwa cha mkono mrefu wa bahari, na watoto wakiiona bahari ilivyoingia ndani namna ile wataelewa kwa nini kila aliyeitaka Pemba alitaka kwanza kukaa hapa. Hapo hapo muulize habari za Pujini: nani mlinzi wa magofu kwa sasa, njia ipi inapitika wiki hiyo. Nasema wiki hiyo kwa makusudi. Njia za bondeni hazikai kama lami; bonde likijaa, watu huhamisha njia yao wakapita juu, na mwezi ukiisha wanarudi chini. Ramani ya simu haijui hayo. Mtu wa Pujini anayajua.

Ukitoka mjini kuna kipande cha barabara kubwa kisichokwepeka. Hapo baskeli mzikokote, nyote watatu, mkiwa ukingoni. Ni dakika chache tu, na utakuwa umeiondoa hofu yako ya malori kwa bei ndogo. Mkishaacha lami na kushika njia ya udongo, dunia inageuka. Sauti inayobaki ni ya mnyororo wa baskeli na salamu za watu.

Wakulima wetu wana majina ya udongo ambayo muendesha baskeli yanamfaa kuliko ramani yoyote. Juu vilimani, kwenye mikarafuu, mna kinongo, udongo mwekundu wa kina. Kikikauka ni kigumu na baskeli inakimbia. Kikipata mvua kinateleza kama mlenda, na mteremko wa kinongo kilicholoa ni wa kushuka kwa miguu, hata uwe hodari vipi. Mkipita mchanga, tairi zinazama, mtakokota. Bondeni mna kinamo, udongo mzito wa rangi ya majivu unaopasuka nyufa wakati wa jua. Na upande wa mashariki mnaingia uwanda, ambako udongo ni mwembamba juu ya jiwe, na maweni, ambako ni jiwe tupu lenye meno. Hapo ndipo tairi hutoboka. Mfundishe mdogo majina haya njiani, awe yeye ndiye anayetangaza: "Kinamo hiki!" Atajua mwenyewe lini ashuke.

Kinamo kilinifunza mimi adabu. Mwaka mmoja nilikwenda Pujini masika, nikijiambia mvua imekatika. Nilipofika bondeni, tope lilishika magurudumu mpaka yakakataa kuzunguka. Likajaa baina ya tairi na madgadi, likawa kama saruji. Nilibeba baskeli begani kwa mwendo wa karibu saa nzima. Bibi mmoja aliyekuwa akipalilia alinitazama, akakata kijiti, akaniletea, akasema, "Kwangua, mwanangu, kisha ukae usubiri jua." Nikakaa. Ndiye aliyenionyesha kwamba njia ile niliyoiita mbaya ni nzuri kwa mwenye miguu mitupu, na kwamba imewekwa kwa ajili yake, si yangu.

Magofu yenyewe yamo ndani ya miti, kando ya uwanja tambarare wa majani ambao mara nyingi huwa na unyevu hata baada ya mvua kwisha. Msikimbilie kuingia. Simameni kwanza kwenye uwanja huo, muyatazame kwa chini. Mtu akija kwa gari hufikishwa karibu, akashuka, akaona kuta zilizoanguka na kichaka, akauliza "ndiyo hii tu?" Mtu aliyekuja kwa baskeli ameshuka kilima, ameonja tope, anafika na miguu yake inamwambia kwamba hapa si pahali pa kushambuliwa kwa urahisi. Hiyo ni rai yangu mwenyewe, lakini nimewaona vijana wengi ikiwaingia bila ya mimi kusema neno.

Hili lilikuwa boma. Lina ukuta wa kuzunguka na tuta la udongo, na wataalamu wa mambo ya kale wanaliweka kwenye karne ya 15 mpaka ya 16. Upande wa pwani kulikuwa na mkono wa maji wa kuletea vyombo karibu. Mapema miaka ya 1990 walichimba hapa watafiti walioongozwa na Mmarekani Adria LaViolette, na miongoni mwa yaliyoonekana ni chumba cha chini ya ardhi chenye ngazi ya kushukia. Boma la namna hii ni nadra kwenye mwambao wetu kwa zama zile, na ndiyo maana watu wa fani hawaachi kulizungumza.

Hayo ni ya wachimbuzi. Ya wenyeji ni mengine, na nakuomba uwasimulie watoto yote mawili, ukiwaambia wazi ipi ni ipi. Wenyeji wanasema boma ni la Mkama Ndume, yaani mkamua wanaume. Alikuwa akiwabebesha watu mawe ya kujengea, na hakuwaruhusu kusimama: wakisota kwa makalio, jiwe kichwani. Kisima chake kimegawiwa kwa ukuta katikati, kwa kuwa alikuwa na wake wawili wasiotakiwa kuonana; mmoja alishuka kwa ngazi, mwengine akateka kwa kamba na ndoo. Na wanasema Wareno walipokuja ndio waliouangusha ufalme wake.

Nimekaa na hadithi hii kwa miaka. Kila mara kinachonishika ni jina. Sidhani mtu huyu alijiita mwenyewe mkamua wanaume. Kwa rai yangu jina hilo lilitungwa na waliokamuliwa, na wao ndio walioliweka mpaka leo. Wafalme wa pahala pengi wamebaki kwa sifa walizozilipia kwa washairi wao. Wa Pujini amebaki kwa jina alilopewa na wabeba mawe. Mwanao anayependa vita anastahili kuambiwa habari hii akiwa amekaa juu ya jiwe mojawapo.

Na ukimuona ameingiwa, mpeleke mbele kidogo. Mizigo ya vita haikuishia kwa Mkama Ndume. Vita Vikuu vya Kwanza vilipofika koloni la Wajerumani lililokuja kuitwa Tanganyika, Waingereza walikusanya wapagazi kwa maelfu, na wa Zanzibar walikuwamo. Kariakoo ya Dar es Salaam imepata jina lake kwenye kambi ya wapagazi hao. Muonyeshe kile chuma cha nyuma ya baskeli yake anachofungia begi, tunachokiita karia. Neno ni lile lile.

Mkiwa ndani ya magofu, kuna adabu zake. Ukikuta kitambaa kimefungwa, kigae cha ubani, au kitu kimewekwa kwenye pembe ya ukuta, usiguse na watoto wasiguse. Wapo wanaokuja kwa nadhiri na itikadi zao, na sisi ni wageni wao kwa saa moja. Wala kipande cha gae hakichukuliwi, hata kidogo kama ukucha. Ukikiondoa, anayekuja kuchimba kesho hatojua kilikuwa wapi, na habari yake imekufa.

Kurudi, msirudi mbio. Tafuteni kivuli, nunueni madafu, na hapo niruhusu nikuambie vita vyengine, ambavyo havina gofu wala boma, na kwa macho yangu ndivyo vilivyo karibu zaidi na wewe.

Seyyid Said alihimiza mikarafuu kwenye miaka ya 1830. Mwaka 1872, mwezi wa Aprili, tufani kubwa iliiangusha mikarafuu ya Unguja karibu yote, na Pemba ikapona. Tangu hapo vilima vyetu vikawa vya karafuu, na mwenye karafuu hununua chakula. Polepole kisiwa kilichokuwa kikilisha ngome ya Mombasa kikaanza kula mchele wa meli, mwingi wake wa Burma. Halafu Machi 1942 Wajapani wakaingia Rangoon, mji mkuu wa Burma. Mchele wa Burma ukakatika.

Fikiria jambo hilo kwa utulivu. Hapana bomu lililoanguka Chake. Hapana askari wa Kijapani aliyeonekana Wete. Lakini vita vilifika jikoni. Chakula kikaenda kwa mgao, na mgao wenyewe ukafuata kabila: mchele ukaelekezwa zaidi kwa waliohesabiwa Waarabu na Waasia, na wengine wakaambiwa wale mahindi na muhogo. Ndipo suala la "wewe kabila gani" lilipopata uzito wa kibaba cha mchele, na uzito huo haukuondoka vita vilipokwisha. Na ndipo watu walipohimizwa kuyarudia mabonde kwa jembe, walime chakula chao wenyewe.

Kwa hiyo mnapopita kando ya mpunga, mnapita kwenye jambo la Vita Vikuu vya Pili, ingawa hapana kibao. Ukumbusho wake ni wazee, na wamebaki wachache. Aliyekuwa mtoto wa miaka 8 mwaka ule sasa amevuka 90. Lakini wana wao wapo, wenye miaka 60 na 70, waliolelewa na hadithi za muhogo mchungu na foleni ya mgao. Mkikuta mzee barazani, mtoto wako amwamkie, akae chini, amuulize: "Babu, wazee wako walikuwa wakikuhadithia nini juu ya mwaka mchele ulipokosekana?" Asianze na neno vita. Aanze na chakula.

Pana njia nyengine mbili nitakazozitaja kwa ufupi. Ya kaskazini, kutoka Konde kuingia msitu wa Ngezi na kuendelea mpaka Ras Kigomasha, kwenye mnara wa taa wa mwaka 1900, ni nzuri kwa kivuli na kwa popo wa Pemba, ambao hawapatikani pengine duniani. Gari zipo, za wageni wa hoteli, lakini ni chache, na asubuhi hukuti kitu. Historia ya vita humo ni kidogo, kwa hiyo ni siku ya mdogo, si ya mkubwa. Ya pili ni Ras Mkumbuu, rasi ndefu ya magharibi yenye msikiti na makaburi ya nguzo ya kale sana. Baskeli hazifiki mpaka mwisho kwa raha. Watu wengi huenda kwa mashua. Kwa watoto wako ningeiwacha safari hii ya kwanza.

Na kabla hamjapanda boti, mkubwa mwanzishie pale pale Unguja. Mpitishe mbele ya Beit al-Ajaib, umwambie mizinga ya Waingereza ya Agosti 27, 1896, vita vilivyokwisha hata saa moja haijatimia, na Khalid bin Barghash, aliyejitwalia usultani, akakimbilia kwa balozi wa Kijerumani. Kisha muonyeshe bahari iliyo mbele yake, ambamo Septemba 20, 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliipiga ya Kiingereza, Pegasus, ikiwa imetia nanga inatengenezwa. Mabaharia waliokufa wamezikwa kisiwani Chapwani. Hivyo atafika Pemba ameshaona vita vya mizinga, na atakuwa tayari kwa vita vya mpunga.

Sasa ya safari yenyewe. Likizo ya Juni na Julai ndiyo bora. Masika yameondoka, kipupwe kina ubaridi wake, kinamo kimeanza kukaza, na mpunga unavunwa, kwa hiyo bonde lina watu. Mtakuta watoto wa umri wa wako wanaamia ndege kwa makelele na kombeo. Waacheni wako washiriki nusu saa, hawatosahau. Tangu Julai mpaka mwisho wa mwaka pia mtakuta karafuu zimeanikwa kwenye majamvi pembezoni mwa njia. Usipitishe tairi juu ya jamvi hata ukingoni. Ni fedha ya mtu ile, na mkarafuu una hatari ya kuukwea.

Boti ya Unguja ikiwashusha Mkoani, msiendeshe mpaka Chake. Barabara ina milima na gari zinakwenda mbio. Pakieni baskeli juu ya gari ya abiria, mzifunge wenyewe kwa kamba, minyororo iangalie juu isije ikapindwa. Chake mkilala, ondokeni saa 12 na nusu asubuhi, muwe mmefika Pujini kabla jua halijawa kali, na mmerudi kabla ya adhuhuri au mkae kivulini mpaka alasiri.

Njiani, hatari si gari tena. Ni kamba. Ng'ombe anafungwa upande huu wa njia, anakula upande wa pili, na kamba inakatiza njia kimo cha shingo ya mtoto. Huioni mpaka uifikie. Mkiona ng'ombe, polepole. Mkimuona ng'ombe na hamuoni kamba, shukeni. Pili ni daraja la gogo la mnazi juu ya mfereji: baskeli inapitishwa kwa mkono, mtu mmoja mmoja. Tatu, tuta la mpunga si njia, hata likionekana limenyooka na limekauka. Ukilivunja umemwaga maji ya mtu. Na mkikutana na mwanamke ana mzigo kichwani, nyinyi ndio mnaoshuka na kusogea, mnatoa salamu, yeye anapita. Hata mngekuwa mbio vipi.

Ukiingia kijiji ambacho njia inapita katikati ya nyumba, piga kengele mara moja kisha hodi kwa mdomo. Kengele peke yake inasema "ondokeni". Hodi inasema "tuko wageni". Mkitaka kukaa muda, muulizie sheha, kiongozi wa kijiji. Hakukatazi, lakini atapenda kujua.

Wewe mwenyewe ukiendesha na baibui, hakuna tabu, ila upindo ufunge na baskeli iwe na kifuniko cha mnyororo. Nimeona upindo ukimezwa na cheni kwenye mteremko. Mtu akaanguka vibaya. Vaa suruali ndani, na viatu vyenye kushika.

Baskeli za wakubwa hazitokupa shida. Za inchi 26 na 28 ndizo zinazotumika huku, na karibu kila kijiji kina fundi chini ya mti mwenye viraka, pampu na spana, na bei yake ni ya haki. Ya mdogo ndiyo ya kuiangalia. Ikiwa ni ya inchi 24 au chini yake, mpira wa ndani wa saizi hiyo huenda usiupate vijijini. Nunua miwili mjini kabla ya kupanda boti, uitie kwenye begi lake mwenyewe, na usiku wa kuamkia safari mwambie aitoe tairi na kuirudisha mwenyewe, mbele yako, mara mbili.